Mguu wa Mpiga Gitaa

Shangazi yangu alishona nguo za watu miaka arobaini. Macho yalipoanza kugoma, akahamia kwenye masikio. Chumba cha cherehani sasa kina kompyuta yenye nyimbo elfu nne alizonakili mwenyewe kutoka kwenye kaseti na santuri, bila kuzibana wala kuzipunguza hata chembe. Kila wimbo una mwaka wake na majina ya wapigaji. Asipomjua mpiga tarumbeta hupiga simu kuuliza, na akikosa jibu huandika "simjui", maana uongo haupendi hata wa kwenye kompyuta. Mimi ninayeishi na rundo la nguo juu ya kiti, mwanamke huyu ananitia aibu.

Juzi diski yake ilijaa, nami nikajitia ujuaji. Alipokwenda kliniki nilizibana nyimbo zote zikabaki sehemu ya kumi ya ukubwa wake, nikafuta zile kubwa za awali. Nikasikiliza mbili tatu, sikuona tofauti. Nikakaa kungoja sifa.

Aliporudi alivaa hedifoni, akafungua wimbo wa bendi ya marehemu mumewe, mpiga gitaa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mguu wake umeupeleka wapi?"

Kumbe mumewe alikuwa akipiga gitaa huku akigonga sakafu ya mbao kwa kisigino, kwa mbali sana. Mimi sikuwahi kuusikia mguu huo. Yeye wiki nzima alikuwa akiusikiliza kila asubuhi kabla ya chai.

"Si nizirudishe tu ziwe kubwa, Shangazi?"

"Nguo ukishaikata, mwanangu, hata uivute vipi, kitambaa hakirudi."

Nyimbo nyingine zilikuwa na nakala kwa mdogo wake, anakopeleka diski ya pili kila mwanzo wa mwezi. Huu aliunakili wiki iliyopita tu. Ilibaki kaseti, nayo utepe wake ulikatika siku ile ile ya kunakili, wimbo ulipokwisha. Nilikosa pa kuiweka mikono yangu.

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliifungua kaseti kwa bisibisi ya cherehani, akazikata ncha mbili kwa mshazari, akaziunga kwa kijipande cha selotepu kidogo kuliko ukucha. Macho hayakumsaidia, vidole ndivyo vilivyokumbuka kazi. Mimi nilishika tochi.

"Utepe umechoka," alisema. "Utapita mara moja tu."

Ukapita, huku kompyuta ikinasa. Safari hii mguu niliusikia hata mimi, ukigonga taratibu chini ya ngoma. Shangazi alilia, wala hakujificha.

Kisha akaunakili kwenye diski mbili, moja akanikabidhi.

"Hii kaa nayo kwako."

"Mimi tena? Si umpe mdogo wako, mwenye kabati la kufuli?"

"Yeye hajawahi kupoteza kitu," alisema. "Wewe unajua kunavyouma."