Petroli ya Mwisho ya Marehemu

Fundi yule wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alikuwa na mikono isiyojua kungoja. Akiitwa Lilongwe kutengeneza gari, kabla salamu hazijaisha alikwisha lala chini yake, akiimba wimbo wa kwaya ya Uvira, kwao Kongo, kwa sauti ya puani. Lakini siku ile, mtaa wa Area 49, Léoncie alimwona akivua kofia mbele ya Peugeot ya marehemu mumewe, kama mtu aliyekutana na ndugu. Akafungua tangi, akanusa petroli, akafumba macho. "Hii essence imeoza, mama. Tuimwage yote, itaua moteur."

Léoncie akashika mlango wa gari. "Hiyo njo ya mwisho alitia mwenyewe. Tulikuwa tunaenda ku arusi, Likuni."

Fundi hakucheka. "Mi pia nilikuwa na Peugeot," akasema. "Niliiacha Uvira, réservoir imejaa essence."

Léoncie akauachia mlango. Fundi akaingia chini ya gari, akailegeza nati ya tangi kidogo tu, petroli ikachuruzika nyembamba ndani ya beseni, rangi ya chai. Kisha akaketi kando ya Léoncie, wakaingoja pamoja mpaka tone la mwisho, fundi akimuuliza arusi ile ilikuwa ya nani.