Uso wa Ugali wa Muhogo

Mwaka wa kwanza wa udaktari, huko Mwanza, sikuwa na ugomvi na somo lolote isipokuwa embriolojia, elimu ya jinsi mtu anavyoumbika tumboni. Anatomia ilikuwa na maiti, na maiti, ukiacha harufu yake, ana adabu: ulipomwacha jana ndipo unapomkuta leo. Kiinitete, yaani mtu wa wiki zake za kwanza tumboni, hakina adabu. Ukipepesa macho kimeshajikunja. Ulichokuwa unakiita mgongo sasa ni bomba, bomba linavimba kuwa ubongo, na moyo ambao ulikuwa juu ya kichwa umeteremka kifuani bila kukuaga. Mwalimu wetu, mzee mwembamba aliyefundisha kama mtu anayemwaga umbea, alituambia kwamba kila binadamu aliyezaliwa, maaskofu na wakuu wa wilaya wakiwemo, aliwahi kuwa na mkia. Hilo nililishika mara moja. Mengine yote yalinipita, na jaribio la kwanza nikalifeli vizuri sana.

Nikaenda likizo nyumbani Bukiriro na kitabu begani, nikiwa na nia ya kujifungia ndani nisome. Lakini mama alikuwa amekwisha kuwatangazia watu kwamba daktari anakuja. Jumuiya ilisali kwetu wiki hiyo, na baada ya rozari mwenyekiti akaniomba nisimame niwaeleze wazee ninachojifunza.

Ningeweza kusema kitu cha heshima kuhusu malaria. Nikasema mkia.

Mzee mmoja alipeleka mkono nyuma taratibu, kama anayejikuna, akapapasa.

"Ulikwenda wapi?" akauliza.

"Ulinywea, mzee. Kilichobaki ni kile kifupa unachokikalia."

"Umejuaje mambo ya tumboni, na wewe bado hujaolewa?" mama mmoja akadakia. Hapo mama yangu akakumbuka ghafla kwamba chai ilikuwa tayari.

Wakati wote huo wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa chumba cha ndani na mtoto wao wa kwanza, binti mchanga ambaye mimi nilikuwa sijamwona. Kila nilipoomba kumbeba niliambiwa amelala. Watu walipoondoka niliingia bila kubisha. Wifi aliruka kumfunika kwa kitenge, akachelewa. Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umepasuka upande mmoja, mwanya uliopanda hadi kwenye pua.

"Usimwangalie," akasema. Alikuwa amekonda. "Shangazi yenu anasema nilimcheka mlemavu nilipokuwa na mimba. Nimewaza hadi kichwa kimeuma. Sikumbuki kumcheka mtu yeyote."

"Na kaka anasemaje?"

"Hasemi. Anakwenda shambani."

Nilinawa mikono, nikapitisha kidole polepole kwenye paa la kinywa cha mtoto. Lilikuwa zima. Akaking'ang'ania kidole changu na kukinyonya kwa hasira kabisa, kama mtu aliyecheleweshewa chakula hotelini. Nami, ambaye ukurasa wa kitabuni unaoeleza uso unavyoumbika niliusoma mara nyingi bila kuelewa kitu, nikajikuta natamani kujua kila neno lake.

Jioni tulipokaa kula, shangazi naye akiwepo, sikungoja baraka ziishe vizuri. Nilimega ugali wa muhogo, ule unaovutika, nikaanza kuufinyanga kwenye sinia mbele ya watu wazima. Mama alinikazia macho. Nikatengeneza tonge la kushuka kutoka juu na matonge mawili ya kutoka pembeni.

"Uso hauji ukiwa mzima," nikasema. "Huwa unakuja kwa vipande. Hiki kinashuka kutoka kwenye paji la uso, hivi vinatoka mashavuni. Vinakutana hapa, juu ya mdomo." Nikavibana vikashikana. Kila mtu pale mezani akagusa kale kabonde kalikoko chini ya pua yake. "Kwa mtoto wetu kipande kimoja hakikufika kwa mwenzake. Basi. Na haya yanatokea mapema mno. Wifi alikuwa bado hajajua ana mimba, anadhani ana malaria."

"Ni kweli," wifi akasema kwa sauti ndogo. "Nilimeza dawa za malaria."

Shangazi, ambaye kwake r na l ni pacha, aliyatazama matonge yangu kwa mashaka. "Sasa hapo nani wa kuraumiwa?"

"Hakuna, shangazi."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Haiwezekani," akasema, na nadhani lilimuuma kweli. Mtu aliyezoea kugawa lawama, ukimwambia safari hii hazipo, ni kama umemnyima nyama. Akachukua tonge la paji la uso, akalichovya kwenye maharage, akala.

Kaka alikuwa amemaliza kula. Alinawa, akauliza jambo moja tu: "Kinashoneka?"

"Kinashoneka."

Akanyanyuka, akaenda akakaa karibu na mkewe, mahali ambapo, nilivyosikia baadaye, hakuwa amekaa tangu mtoto azaliwe.

Mtoto alipopata uzito walioutaka madaktari, kaka na wifi walimleta Mwanza, nami nikatoroka kipindi kwenda kuwapokea. Upasuaji ulikwenda salama. Nilitarajia vigelegele. Wifi alipokabidhiwa mtoto alimtazama kwa muda mrefu, akamgeuza huku na huku, kisha akaanza kulia.

"Huyu si wangu," akasema. "Wangu alikuwa na tabasamu pana."

Muuguzi alicheka, akasema akina mama wengi husema hivyo. Mimi sikuweza kucheka. Miezi yote ile aliyokuwa akimficha kwa kitenge, kumbe alikuwa akilitazama lile tabasamu peke yake, akalipenda. Kitabu changu kilieleza jinsi kila ukingo wa mdomo unavyokutana na mwenzake. Cha kumwambia mama aliyekuwa akilililia pengo hakikuwemo. Nikamshika bega mpaka mtoto alipoamka na kupiga kelele kwa sauti ileile ya kudai chakula. Wifi akanyamaza, akamsogeza kifuani.

"Ni yeye," akasema, na kupenga kamasi kwenye kitenge.

Mtihani wa marudio nilifaulu kwa alama ambazo mama hajawahi kutajiwa. Binti sasa anaongea kuliko redio, ana kovu jembamba kama uzi, na shangazi huwaeleza wageni kwamba ule mdomo mzuri mtoto ameurithi upande wake.