Mama Shuka na Bweni la Wifi Yake

Wasichana wa bweni walimpachika jina la Mama Shuka, maana hakuvumilia kitanda chenye kunyanzi. Walitaniana kwamba shuka zikisikia ndala zake kwenye korido hujinyoosha zenyewe. Alijua wanamwita hivyo, wala halikumkera. Mumewe alikuwa amemwacha angali kijana, bila mtoto, na alipokuwa hana mbele wala nyuma, wifi yake, mjane wa kaka yake, alimwita akamwambia, "Njoo tulee watoto wa watu."

Siku hizo shule ilikuwa sebule ya wifi. Alikuwa ametoa makochi, akaingiza madawati, na watoto walikuja asubuhi wakarudi makwao jioni. Bweni lilizaliwa kwa bahati tu: dereva mmoja wa malori, aliyefiwa na mke, alikwama safarini, bintiye akalazwa chumbani kwa Mama Shuka. Akafuata mwingine, na mwingine tena. Wifi akapanda ngazi na brashi ya rangi, akaandika juu ya mlango: Hapa kila mtoto yuko kwao. Hayo ndiyo yaliyokuwa madhumuni ya shule, na kwa miaka mingi yalitosha.

Wifi alipofariki, mwanawe akashika hatamu. Mama Shuka ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na hata akiwa mkurugenzi mwenye tai alimwita shangazi. Alijenga ghorofa, akanunua basi. Vitanda vikapandishwa kimoja juu ya kingine mpaka wa juu waligusa dari. Chumba cha wagonjwa kikawa cha kompyuta, na muuguzi akaagwa.

"Mtoto akiugua?" Mama Shuka aliuliza.

"Si upo wewe, shangazi."

Siku ya wazazi, msichana wa darasa la sita waliyemwita Kinanda, kwa kuwa mdomo wake haukuacha kuimba, aliamka akisema tumbo linamuuma. Alikuwa aimbe mbele ya wageni. Mama Shuka alimpa chai ya moto. "Ni woga tu, mwanangu. Jilaze kidogo."

Kabla ya saa sita mtoto alikuwa anatapika, mwili unawaka, amekunja magoti hataki kuguswa. Mama Shuka alimfuata mkurugenzi kwenye mahema.

"Mtoto anaumwa. Nipe gari."

"Shangazi, mgeni rasmi ndiyo anaingia. Nimpitishe mtoto anayetapika mbele ya watu wote hawa?"

"Anaumwa kweli."

"Siku kama hii wote huumwa. Mpe dawa ya maumivu. Hotuba zikiisha nitampeleka mwenyewe."

Akarudi, akampa dawa. Baada ya muda maumivu yalikatika ghafla, na Mama Shuka akashusha pumzi. Kisha akaona midomo inabadilika rangi na mikono imekuwa baridi. Alimfunga mgongoni kwa kanga, akakatiza katikati ya mahema huku mkurugenzi akisoma kwenye kipaza sauti jinsi shule inavyomlea kila mtoto kama yuko kwao. Watu waligeuka. Mzazi mmoja aliinuka, akawafungulia gari lake.

Daktari alisema kidole tumbo kimepasuka. Kinanda alikata roho kesho yake mchana.

Baba yake, fundi wa umeme aliyefanya kazi mbali, alitarajiwa asubuhi iliyofuata. Mkurugenzi alimwita shangazi yake ofisini mapema.

"Ukiulizwa, sema ilimwanza ghafla. Sema hukuja kwangu."

"Nilikuja."

"Mama aliijenga shule hii kwa jasho lake. Unataka ifie mikononi mwangu?"

Fundi alipofika hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Alianza kuumwa lini?"

"Ghafla, mchana," alisema mkurugenzi.

"Asubuhi," alisema Mama Shuka. "Aliniambia mimi, nikasema ni woga. Nikamwambia huyu, akasema tungoje hotuba ziishe. Nikangoja."

Fundi alimgeukia. "Aliniulizia?"

"Aliuliza kama umepigiwa simu."

Fundi mwenyewe alijua kwamba siku ile hakupigiwa. Aliinuka akatoka, na hakumpa mkono yeyote kati yao.

Wakaguzi walikuja, bweni likafungwa. Wanafunzi wa kutwa waliendelea kuja kama kawaida. Mkurugenzi aliwaambia ndugu kwamba shangazi ameiuza shule ya marehemu, na kwenye msiba uliofuata wa ukoo hakuna aliyesogea kumpa nafasi mkekani. Hakushangaa. Lililomuuma ni fundi, ambaye hakumlaumu wala kumsamehe. Salamu alizomtumia hazikujibiwa.

Alipanga chumba nyuma ya gereji, akawa anafua nguo za watu. Siku moja jirani yake, mama kijana aliyepata kazi ya kiwandani, alimwomba amshikie mtoto mchana.

"Akiumwa je?" aliuliza Mama Shuka.

"Utanipigia."

"Ukisema ningoje?"

Jirani alicheka, akidhani ni utani. Mama Shuka aliinama akaendelea kufua, na yule mama, alipoona hajibiwi, akamweka mtoto wake kiunoni, akaenda kuuliza mlango wa pili.