Miguu Nyuma ya Turubai

Nilipokuwa mtoto, saa kumi na robo alasiri baba alinisimamisha kwenye vumbi la kambi, raketi mkononi, visigino vimegusana kama kwenye gwaride. Alinukia dawa ya viatu. Kila nilipoukimbilia mpira wa tenisi alifoka: "Wewe binti, nani alikuambia tembea? Simama, piga!" Nikaukosa, askari wenzake wakacheka, nami nikaamini ananichukia.

Juzi nilipita uwanja wa maofisa ambao baba alikuwa akiulinda, alikojifunzia tenisi kwa kutazama. Kama zamani, turubai limefunika uzio kutoka chini hadi kiunoni. Ukiwa getini unaona mikono ya wachezaji; miguu huioni. Miaka yote ile hakuna ofisa aliyemwambia, "Ingia." Hao ndio ninaowakasirikia sasa. Kuifundisha upya miguu yangu kwa kocha kumeshanigharimu shilingi laki tisa.