Gauni la Mkono Mmoja

Shangazi huniita kiguu na njia, na sibishi. Nilizaliwa Kiriba, nikasoma Musoma, na sasa naishi Ulaya, kwenye mji wa baridi. Huko, kila Jumamosi, vijana wa nchi hizi za ziwa tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Tunapatanisha waliogombana, tunazunguka mashuleni, tunaandamana hata kwenye theluji. Suala langu mimi ni ukeketaji. Desemba ikikaribia, shule za nyumbani zinapofungwa na ngariba wanapoanza kujiandaa, silali vizuri wala sikai mahali pamoja.

Mwaka ule nikashindwa kuvumilia, nikakata tiketi.

Shangazi ni fundi cherehani Manyamanyama, pale Bunda. Kila likizo ya Desemba huwa na wasichana wawili watatu kibarazani wanaojifunza kushona. Majirani hawajui zaidi ya hapo. Ukweli ni kwamba wametoroka makwao wasikeketwe. Kila anayefika, kazi ya kwanza ni kujishonea gauni jipya. Nilidhani ni ukarimu tu, au ndilo somo lake la kwanza, kwa hiyo sikuuliza.

Siku ya pili tu nikaanza kuwashwa. Nimesafiri mbali kote huko, halafu kazi yangu ni kuchambua mchicha! Asubuhi ile alikuwa amefika binti wa miaka kama kumi na minne, kutoka upande wa Butiama. Alikuwa mkimya, ila Kiswahili changu kilimchekesha. "Dada, unaongeaga kama redio," aliniambia, akarudi kwenye cherehani. Alikuwa anashona gauni lake, la bluu, akiwa bado amevaa sketi ya kitenge aliyotoka nayo kwao.

Nikampiga picha kwa nyuma. Kikundi kimetufundisha: ficha sura, ficha jina, ficha kijiji. Nilificha vyote vitatu, nikajipongeza. Nikaituma kwa wenzangu Ulaya na maneno mawili, "Kazi inaendelea." Kesho yake alfajiri nikaenda Musoma, kuzungumza na vijana juu ya amani.

Nilikuwa nimesimama mbele yao shangazi alipopiga. Nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Nilipompigia baadaye alisema neno moja tu: "Rudi."

Nilipanda basi la Mwanza, nikashuka Bunda. Shangazi alikuwa amekaa kwenye cherehani, hashoni. Baba mdogo wa yule binti alikuwa amekuja na pikipiki, picha yangu iko kwenye simu yake. Ilikuwa ni ile sketi. Ilishonwa kwa kitenge cha sare ya harusi ya dada wa yule binti, na hakuna mwanamke wa ukoo ule asiyekuwa nacho. Mwenzetu mmoja kikundini kumbe ni wa ukoo huohuo. Aliona kitenge, akafurahi, akairusha picha kwenye kundi la harusi: "Jamani, sare yetu!" Na kibaraza cha shangazi kinajulikana na kila mtu aliyewahi kupunguza suruali Bunda.

"Wamemchukua?" niliuliza.

"Amekimbia. Alisikia pikipiki, akapita uani."

Alikuwa ameondoka na lile gauni kabla halijaisha, lina mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa bado pale chini ya sindano. Shangazi alikuwa ameshatoa taarifa dawati la jinsia, polisi, nao walikuwa wanamtafuta.

"Nyie mnafichaga sura," alisema taratibu, bila kunigombeza. "Huku mtu tunamjuaga kwa nguo, mwanangu. Unafikiri kwa nini nawashoneshaga kwanza?"

Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Siku tatu nilizunguka stendi, sokoni, Kabasa yote, nikitafuta gauni la bluu la mkono mmoja. Kuuliza sikuweza, maana kuuliza ni kutangaza, na kutangaza nilikuwa nimeshatangaza vya kutosha. Likizo yangu ikaisha. Nikaondoka bila kujua kama yu salama, kama amekeketwa, au kama yu hai.

Yule mwenzetu wa ukoo ule alilia mbele ya kikundi kizima. Picha tuliifuta, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kila Jumamosi waliniuliza kama kuna habari, nami nikawa natoka nje kabla chai haijamiminwa. Nilikuwa nazunguka lile kanisa mpaka miguu inakufa ganzi kwa baridi.

Jumamosi moja ya Januari, niko hukohuko nje, shangazi akapiga. Si kawaida yake kupiga Ulaya.

"Ule mkono nimeshaushona," alisema.

Nilikaa kwenye ngazi, juu ya theluji, nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka. Nilitaka kukimbia ndani niwaambie wote.

"Hawajamfanya kitu? Yuko wapi sasa hivi?"

"Nani?" akasema shangazi, akaanza kunieleza habari za mvua.