Kuni za Nchi Mpya

Juzi niliona kwenye runinga ramani ya nchi iliyojitangazia uhuru na isiyotambuliwa na yeyote, nikasikia tena harufu ya kuni za mibuni.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa ameacha ndoa, akarudi Nyeri na kujenga kwenye shamba la babu. Kwetu, ukijenga nyumba, wanawake wa jirani hukuletea kuni, ishara kwamba wameitambua nyumba yako. Mama hakuletewa hata kijiti. Wajomba walisema pale si kwake.

Alasiri moja redio ya dukani ilisema kuna nchi imejitangazia uhuru na hakuna aliyeitambua. Niliamini nimeelewa kabisa. Nilijifunga mzigo wa kuni za mibuni mgongoni, nikashika barabara ya Nanyuki, maana nilidhani nchi zote ziko upande huo.

Mama alinifikia darajani akihema. "Unapeleka wapi hizo kuni?"

"Kwa ile nchi ya redio. Hakuna mtu amewapelekea."

Hakucheka. Aliubeba mzigo, kamba kwenye paji la uso, akapita polepole mbele ya nyumba za wajomba wote. Tulipofika nyumbani aliniambia nitangulie ndani. Kisha akafunga mlango, akabaki nje na mzigo wa kuni mgongoni, akapiga hodi kama jirani.

"Karibu," nikasema.