Mchanga Niliofagia Kwenye Kalavati

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Louisville, Marekani, nilipewa buti, glavu na mfuko wa mbegu za nyasi, nikaambiwa nikapande. Nilimtazama Msimamizi wa Mbegu nikidhani ananitania. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na tangu nipate akili kazi yangu na nyasi ilikuwa moja tu, kuzing'oa. Leo mzungu mzima ananilipa nizirudishe ardhini?

"Ni za ng'ombe?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

"Hapana."

"Za kuezekea?"

"Hapana. Zilikuwa hapa kabla yetu sote," akasema, akaenda zake.

Jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Nilikuwa nimetoka kufunga maboksi ghalani kwa miaka minne, mahali ambapo hakuna la kuuliza, na magoti yangu yalikuwa yamekwisha. Huku kila kitu kilikuwa swali. Kwa nini mbegu tuzichanganye na mchanga kabla ya kuzimwaga? Kwa sababu ni nyepesi, upepo huzichukua, na mchanga hukuonyesha ulikokwisha kupita. Kwa nini tunapanda wakati wa baridi, watu wamejifunika hadi masikioni? Kwa sababu mbegu za nyasi za asili hulala usingizi mzito, na baridi ndiyo inayoziamsha. Nikawa kero. Msimamizi wa Mbegu alisema wanafunzi wa chuo wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo hawaulizi hata nusu ya maswali yangu. Sikujua kama ananisifu au ananisema. Nikaendelea kuuliza.

Baada ya misimu mitatu nilihamishiwa Columbus, na huko ndiko nilikofanya kosa ninalotaka kuwasimulia ninyi vijana, maana mimi sasa sina wa kunifukuza kazi.

Columbus tulikuwa tunatengeneza ushoroba, yaani ukanda wa nyasi unaounganisha pori moja na jingine ili mnyama apite bila kugongwa. Mapori yetu mawili yalitenganishwa na barabara kubwa na shamba la mzee mmoja mwenye maneno machache. Chini ya barabara palikuwa na kalavati pana, na mbele ya kalavati kipande cha ardhi cha yule mzee. Alikuwa amekubali kutuachia kipande hicho msimu mmoja. Watu wa maghala walikuwa wanakitaka wakiweke lami, waegeshe malori.

"Nionyesheni mnyama mmoja anayepita hapa," alituambia. "Na msiniletee paa wala wale rakuni wa majalalani. Hao hata jikoni kwangu wapo."

Kazi ya kumwonyesha aliachiwa mwanafunzi wa mafunzo, binti wa Kikongo aitwaye Furaha, ambaye wazazi wake wanakaa Westerville. Kamera zilikuwa zimeibwa pale mara mbili, kwa hiyo Mkuu wa Utafiti aliamua watumie njia ya zamani, kitanda cha mchanga. Unamwaga mchanga laini mdomoni mwa kalavati, unaulainisha kwa ufagio jioni, na asubuhi unasoma nyayo. Furaha na wenzake walifanya hivyo kila siku.

Mimi sikuwa kwenye kundi lao, wala hakuna aliyeniambia mchanga ule ni wa nini. Nilikuwa mtu wa mbegu, shamba la mbali, ila nilishika ufunguo wa geti, hivyo nilifika saa nzima kabla yao. Mkuu wa Utafiti alikuwa ameniambia nihakikishe kalavati ni safi. Nami nilivyolelewa, asubuhi uwanja unafagiwa. Mgeni akikuta uwanja haujafagiwa, aibu ni ya mwenye nyumba. Wanafunzi walikuwa wageni wangu. Nikauona ule mchanga umekanyagwakanyagwa na vijinyama, nikachukua ufagio.

Nilifagia kwa wiki tatu. Nilifagia vizuri.

Siku moja, saa ya chakula, Furaha alikaa karibu nami nyuma ya pikapu na hakufungua hata mkebe wake wa wali.

"Mama Spesi, bon, mimi nachoka," akasema. "Kila asubuhi tunakuya, tunaangalia, hakuna kitu. Hata panya moja haipite. Ile mzee atauzisha kipande yake, watatia parking ya makamio. Na rapport yangu iko zero, zero, zero."

"Mbona wanapita?" nikamwambia, huku natafuna. "Juzi kapita mbweha. Na yule mwenye kucha ndefu, nyegere wa huku, jana kapita mara mbili, kwenda na kurudi."

Akanigeukia polepole. "Uliona ile wapi, mama?"

"Pale kwenye mchanga. Kabla sijafagia."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, nikaacha kutafuna. Furaha alifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia. Wao wenyewe walikuwa wakipitisha ufagio jioni, kwa hiyo alama za ufagio wangu hazikumshtua mtu.

Alipotulia alinishika mkono. "Usiseme kitu. Watakufukuza ku kazi. Donc, tunyamaze, tuanze mupya kesho."

Alikuwa binti mwema, na mimi niliogopa sana, sitaficha. Kodi ya nyumba ilitegemea kazi ile. Lakini zilikuwa zimebaki siku sita mzee aamue, na sifuri zile zilikuwa zimeandikwa kwa jina la Furaha. Nikaenda kwa Mkuu wa Utafiti na ufagio mkononi, nikamweleza.

Hakupiga kelele. Akanipa kijiti. "Chora ulichokiona."

Nikachora mchangani. Mbweha, na nyayo zake zilizonyooka mstari mmoja. Sungura. Kisha ule unyayo mpana, vidole vimeangalia ndani, kucha mbele ndefu kama meno ya reki. Alichuchumaa akautazama.

"Kwa nini ulitazama kwanza kabla ya kufagia?" akauliza.

"Ndivyo mama yangu alivyofanya."

"Nakuamini," akasema. "Lakini siwezi kumpelekea mzee imani yangu. Zimebaki siku sita. Usiguse mchanga."

Siku nne za kwanza mvua ilinyesha na kalavati likajaa maji. Siku ya tano alipita rakuni, tena kwa madaha, kama anatukomoa. Asubuhi ya sita nilifungua geti, nikasogea mdomoni mwa kalavati. Zilikuwepo, zile za kucha ndefu, mpya, kingo zake bado hazijabomoka. Nyayo nne, tano, sita, zikivuka mchanga kuelekea kwenye nyasi. Na mikono yangu, msinicheke, ilikuwa inawasha kwa kutaka ufagio. Niliiingiza mifukoni nikasimama hivyo saa nzima, nikifukuza ndege kwa mdomo.

Furaha alifika akikimbia. "Mama, njo ile?"

"Ndiye yeye."

Walipima, wakapiga picha, wakamwita mzee. Alikuja na kofia yake, akapiga goti kwa taabu, akaweka kiganja chake kando ya unyayo bila kuugusa.

"Babu yangu aliniambia walikuwepo hapa," akasema. "Nilidhani ananidanganya." Akainuka, akajipangusa goti. "Acheni nyasi zenu."

Sikufukuzwa. Mkuu wa Utafiti aliniambia msimu unaofuata mimi ndiye nitakayewapokea wanafunzi wapya siku ya kwanza. "Uanze na habari ya ufagio," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo, alikoolewa binti yangu. Huko nyasi zilikuwa kwenye ardhi ya wenyeji wa asili, na mkuu wetu alikuwa mama wa jamii yao tuliyemwita Mlinzi wa Ardhi. Wanafunzi wengi walitoka chuo cha Amherst, na kwake wiki ya kwanza hawakuruhusiwa kugusa chochote, kutazama tu. Mimi niliwasimulia kisa cha kalavati kila mwaka, nao walicheka kila mwaka.

Msimu wangu wa mwisho, Mlinzi wa Ardhi alisikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Aliniuliza, "Mama yako alikuwa akitafuta nini?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Mimi, mtu wa maswali! Nilidhani mama alipenda usafi. Ndipo nilipokumbuka kwamba kambini alifagia pia jioni, giza likikaribia, wakati majirani wote wameshaweka mafagio. Na kila asubuhi alisimama mlangoni kwanza, ameinama kidogo, akiutazama uwanja wote mpaka kwenye njia, kabla hajauruhusu mguu wa mtu yeyote kutoka nje. Baba alipotea siku tuliyovuka mpaka. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimepinda kwa nje, unyayo wake hungeukosea. Mama alifagia hivyo miaka tisa.

Nilimjibu Mlinzi wa Ardhi, naye akanishika bega, tukarudi kazini.

Sasa nimestaafu, nakaa West Side, hapa hapa Buffalo, kwa binti yangu, kwenye nyumba ya mbao yenye ngazi zinazolia. Furaha hunitumia picha za kile kipande kila kiangazi. Nyasi zimempita kimo. Hapa asubuhi theluji ikianguka, binti yangu hunipa koleo, maana watu wa basi wanapita na ngazi zinateleza. Hunikuta nimesimama mlangoni, koleo mkononi, theluji haijaguswa.

"Mama, unangoja nini?" huniuliza.

Namwambia avumilie kidogo, bado sijatazama.